Foleni ya Alhamisi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tano asubuhi, na paa la ofisi ya mipango limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu. Nimesogeza kompyuta, nikatega ndoo. Mkurugenzi amepita, akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema, "Mtakwimu, njoo kwangu na kalamu."

Kazi yenyewe ni hii. Serikali inaandaa mpango wa miaka mitano wa huduma za afya ya akili kwa watoto na familia zao. Haijawahi kuwa nao. Mimi nizunguke kliniki, nihesabu watoto wanaoletwa, wanaosubiri na wanaorudishwa nyumbani, niwaulize wazazi dodoso la maswali kumi na mawili, kisha niandike sura ya tatu. Mei mpango unakwenda mbele ya kamati. "Nataka namba zisizobishaniwa," amesema. Nimeitikia "ndiyo, mama" mara tatu kama mtoto wa chekechea. Miaka sita nafanya kazi chini ya huyu mama, sijawahi kuyaona meno yake.

Ameagiza pia niwe na daftari la pembeni, la yale yasiyoingia kwenye fomu. Ndilo hili. Nitaliandika saa ya chakula cha mchana, hapa pembeni ya ndoo.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki ya watoto ya hospitali kuu ni chumba kimoja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kuna mabenchi mawili, kabati la chuma na meza ya Sista. Sista ni muuguzi wa makamo, mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu anayeongea na wenye haraka kutwa nzima. Daktari wa akili za watoto ni mmoja, na anafika Alhamisi tu. Siku nyingine yuko na wagonjwa watu wazima upande wa pili wa mji. Akijikaza sana anaona watoto wanne kwa siku, maana kila mmoja anahitaji saa nzima na ushei.

"Na wanaosubiri?" nimemuuliza Sista.

Amenifungulia daftari kubwa la mistari. Nimehesabu mara mbili. Sitini na mmoja.

Sitini na mmoja, wanne kila Alhamisi. Wiki kumi na tano na zaidi, hata asipoongezeka mwingine.

"Wewe unaandika wiki," amesema Sista. "Mimi nawaambia, rudi mvua ikiisha. Wanaelewa vizuri zaidi."

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mapumziko, lakini acha niandike, maana moyo haujatulia.

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Amerithi jina la mama yangu, kwa hiyo tangu akiwa mchanga tunamwita Bi Mkubwa, na cheo hicho alikuwa anakimudu: anaamuru, anagomba, ananirudisha chumbani nibadili shati kabla ya kwenda kazini. Siku hizi haamuru kitu. Chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Ukimsemesha anaitika "ee," basi, kama mtu anayejibu kutoka chumba cha mbali.

Mke wangu ni fundi wa nguo. Tangu Januari amehamishia cherehani chumbani kwa mtoto, eti kule mwanga ni mzuri. Leo nimemwambia, "Mtoto atasomaje na hizo kelele?" Amenijibu bila kuinua macho kwenye mshono: "Mwache mtoto. Na mimi niache."

Ni umri tu, nimejiambia. Nilivyokuwa na miaka kumi na mitatu na mimi nilinuna mwaka mzima.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Ndoo mbili sasa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeanza kuuliza dodoso. Wazazi kumi na mmoja leo, nimekaa nao mmoja mmoja mwisho wa benchi, tukinong'ona kama watu wa harusi wanaosengenya.

Nimeshaona kwamba swali gumu ni la saba: Je, mtoto amewahi kusema kwamba anatamani asiwepo? Mpaka la sita wazazi wanajibu kwa kujiamini. Likifika la saba wanatazama mlango. Baba mmoja, dereva wa lori, mwenye mikono kama majembe, ameniomba nilirudie, nikalirudia, akatoka nje kusimama kwenye mvua.

Mama mmoja muuza mkaa amekuja kutoka ng'ambo ya mto na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Mtoto hajatamka neno kwa miezi saba. Hana ugonjwa wa koo, hana ugonjwa wa masikio, wameshapima. Anakaa ameshika pindo la nguo ya mama yake kwa ngumi, kana kwamba benchi linakwenda. Nilipofika la saba mama alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Huyu hasemi, baba. Nitajuaje?"

Jina la mtoto ni la ishirini kwenye daftari la Sista. Nimempigia hesabu: watu wanne kila wiki, zamu yake inaangukia Alhamisi ya tarehe kumi Aprili, wa mwisho siku hiyo. Nimemwandikia mama yake tarehe kwenye kipande cha karatasi. Amekifunga kwenye ncha ya kitambaa chake, akanishika mkono kwa mikono miwili, kama vile mimi ndiye niliyempa hiyo zamu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegonga mlango wa Bi Mkubwa kumwamsha kwenda shule. Kimya. Nikagonga tena. Akaitika. Sijui kwa nini nimesimama pale nikipumua kama mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimegonga. Ameitika.

Jumanne, 18 Machi

Nimegonga. Ameitika baada ya kugonga mara ya tatu. Kisa cha mtu mzima mwenye shahada kutetemeka mbele ya mlango wa mbao.

Jumatatu, 24 Machi

Mwalimu wa darasa amenipigia simu nikiwa kituo cha afya, katikati ya dodoso. Nimekwenda shuleni na viatu vimejaa matope. Ni mwalimu kijana, mwenye adabu, aliniomba radhi mara mbili kabla hajasema lolote. Akafungua daftari la insha. Darasa zima limeandika insha ya "Mimi baada ya miaka kumi." Wenzake wamejaza kurasa mbili, urubani huu, udaktari ule. Bi Mkubwa ameandika neno moja kwa mwandiko wake mzuri, akaweka na nukta.

Sitakuwepo.

"Labda ana maana kwamba atakuwa amesafiri," mwalimu alisema.

"Ndiyo," nikasema haraka. "Anapenda mambo ya safari."

Hapendi mambo ya safari. Hata kwenye basi anatapika. Nimetoka nje nikasimama chini ya upenu wa ofisi ya walimu na nimelitazama lile neno mpaka herufi zikaanza kuogelea. Nimewauliza wazazi mia moja na arobaini swali la saba. Yeye sijamuuliza.

Jumatano, 26 Machi

Nimefanya mazoezi ya kuuliza nikiwa njiani. "Mama yangu, hebu niambie." Hapana. "Bi Mkubwa, kuna kitu kinakusumbua?" Hapana. Jioni nimemkuta mezani, nimefungua mdomo, nikamuuliza kama amemaliza hesabu za shule.

Nikiuliza, je, sitamtia mawazo ambayo hana? Na akisema ndiyo?

Jumanne, 1 Aprili

Nimempelekea Mkurugenzi rasimu. Ameisoma mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi. Ukurasa wa orodha ya wanaosubiri ameukata mstari kutoka kona hadi kona.

"Huu toa. Waziri hawezi kusimama mbele ya watu na namba hii. Weka mchoro wa jengo."

Jengo ni kituo cha kisasa kinachopendekezwa, ghorofa nne, kioo mbele, hapa mjini. Nimejaribu kusema kwamba jengo bila watu wa kufanya kazi ndani litakuwa stoo kubwa ya mashuka. Nimekusanya karatasi zangu. Nimesema, "Ndiyo, mama."

Jumapili, 6 Aprili

Sasa ni alfajiri ya Jumatatu, lakini naandika ya jana. 

Mvua ilianza asubuhi haikukata. Saa saba mchana mke wangu alikwenda kupeleka nguo za mteja. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, Bi Mkubwa anavifuta. Alifuta sahani moja muda mrefu sana. Ilishakauka, yeye anaifuta tu, anaizungusha, macho kwenye dirisha. Na mimi, bila mazoezi yoyote, nikasikia sauti yangu ya kazini ikitoka, ile sauti ya dodoso:

"Mwanangu, umewahi kutamani usiwepo?"

Akaiweka sahani chini taratibu.

"Ndiyo."

Hapo nilishika ukingo wa karo. Sista alikuwa amenifundisha, wakati ananielekeza namna ya kuuliza wazazi: ukishauliza, usikimbie jibu. Kwa hiyo sikukimbia. Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu mwaka jana."

"Hata leo?"

"Leo kidogo. Ijumaa ilikuwa sana." Kisha akanitazama, mara ya kwanza kwa wiki kadhaa, akasema, "Sina sababu, Baba. Nimeitafuta. Hakuna mtu aliyenifanya kitu. Asubuhi nikiamka nahisi kama nimebebeshwa mtu mwingine mgongoni, na nimechoka kumbeba. Usikasirike."

Mtoto ananiomba nisikasirike. Nilikaa chini sakafuni, palepale kwenye maji ya vyombo, nikamvuta akakaa nami, nikamshika. Mwili wake ulikuwa mwepesi kuliko ninavyoukumbuka. Nikamwambia sijakasirika, naogopa tu, na hatakaa na jambo hili peke yake tena. Alilia, na mimi nililia, na mvua ikapiga bati kana kwamba inatusaidia.

Ndivyo mke wangu alivyotukuta. Hakuuliza kuna nini. Alivua viatu vyenye matope, akakaa upande wa pili wa mtoto. Baadaye, Bi Mkubwa alipojilaza, nilimsimulia kwa sauti ya chini. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Unafikiri cherehani nilihamisha kwa ajili ya mwanga?" akasema. "Chumba kile kina dirisha dogo kama bahasha. Nilitaka niwe pale anapokuwa. Dawa zote za nyumba hii ziko kwa jirani tangu Februari. Wewe ulipoumwa kichwa nikakwambia zimeisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi nyumbani umebeba watoto wa nchi nzima. Nikasema, huyu nikimwongezea na wake ataanguka. Na niliogopa. Nikilisema litakuwa kweli."

Miezi mitatu mwanamke huyu amelinda lindo peke yake, na mimi nalalamikia kelele.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimempigia Sista. Amenihoji kama anavyomhoji yeyote, bila kunionea aibu. Kisha: mtoto asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe, akizidiwa tumkimbize mapokezi ya dharura saa yoyote. "Umefanya vema kumuuliza. Kuuliza hakumtii mtoto wazo, kunamfungulia mlango. Nimemwandika. Mbele yake wanasubiri sitini na wawili."

Namba hiyo nilijua inavyohesabiwa. Hakuna anayeijua kuliko mimi. Wiki kumi na tano na siku kadhaa. Mwisho wa Julai.

Jumanne, 8 Aprili

Mkurugenzi amenikuta nimekodolea macho skrini iliyozimika. "Mtakwimu, unaumwa?"

Nikamwambia. Sikupanga. Nilisema yote kwa sentensi tatu. Akafunga mlango, akachukua simu, akampigia mganga mkuu wa hospitali. Alisema "mtumishi wangu" na "wiki hii." Haikuchukua dakika mbili.

"Alhamisi hii, saa nane mchana," akaniambia.

Nimemshukuru. Sikuuliza nafasi hiyo imetoka wapi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumekwenda wote watatu, kwa mlango wa nyuma, ndivyo tulivyoelekezwa. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa gundi. Alikaa na Bi Mkubwa peke yake, kisha na sisi, kisha na sote. Alisema mtoto ana sonona, kwamba ni ugonjwa na si tabia, kwamba unatibika, na si lazima uwe na sababu moja ya kuinyooshea kidole. Amepanga aonane naye kila wiki mbili, na katikati Sista awe anampigia simu. Wametengeneza karatasi ya mambo ya kufanya anapozidiwa: nani wa kumwambia, wapi pa kwenda. Bi Mkubwa mwenyewe amechagua watu wa kuorodhesha. Mimi ni wa pili. Wa kwanza ni mama yake. Nimeridhika.

Tukitoka, Sista alikuwa mezani. Hakuinua macho. Nilifikiri amechoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilirudi kliniki kuchukua takwimu za wiki. Sista akanisukumia daftari.

"Soma mwenyewe tarehe kumi."

Watoto wanne. Watatu wa kwanza ni namba kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Wa nne ni binti yangu.

Muuza mkaa alifika siku hiyo saa mbili asubuhi, ametembea tangu kulipopambazuka, na kikaratasi changu mkononi. Akakaa mpaka saa nane. Sista akalazimika kumwambia kwamba nafasi imechukuliwa kwa simu ya wizarani, arudi wiki inayofuata. Mama hakugomba. Alimshika mtoto mkono wakaondoka kwenye mvua. Walipofika darajani maji yalikuwa yamepanda juu ya mbao, watu wanavushana kwa kamba, vurugu, makelele. Mtoto alijichomoa, akakimbia kurudi upande wa mjini. Asiyesema ataitwaje akaitika?

Walimtafuta Alhamisi hiyo na Ijumaa kutwa.

Nilimuuliza Sista kama amepatikana. 

"Jumamosi asubuhi. Kwenye tanuri la matofali, amejibanza ndani. Homa kali, ila yuko hai."

Nilimwomba anielekeze nyumbani kwao.

Jumatano, 16 Aprili

Nimevuka mto kwa kamba, maji mpaka kiunoni, nimeogopa kila hatua. Nyumba ya muuza mkaa ni chumba na varanda, magunia yamepangwa chini ya turubai. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, amefunikwa. Alinitazama, kisha akatazama ukuta.

"Karibu, baba wa karatasi," mama alisema. Ndivyo anavyoniita.

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitatafuta maneno mazuri. Kwamba mtoto aliyechukua nafasi ni wangu. Kwamba simu ilipigwa kwa ajili yangu, na sikuuliza.

Alikuwa anapanga mkaa kwenye makopo. Akaendelea kupanga. Kopo la kwanza, la pili, la tatu.

"Wako ana nini?"

Nikamwambia.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ningekuwa na mtu wa kunipigia simu, ningemwambia apige," akasema. "Nisingekuuliza wewe ni nani." Kisha akaniangalia, na macho yake hayakuwa na msamaha, wala sikuustahili. "Siku mbili nimeita jina la mtoto wangu kwenye mvua, nikijua hawezi kuniitikia. Unajua hiyo ni nini? Usinipe pole. Niambie Alhamisi yake ni lini."

Nikasema ni kesho, wa kwanza, saa tatu. Sista ameshapanga, na gari la hospitali litasubiri upande wa pili wa daraja.

"Basi kesho." Nilipogeuka akaongeza, "Na wale wengine? Wale wa nyuma yangu kwenye benchi?"



Alhamisi, 17 Aprili

Wamefika. Daktari amekaa na mtoto kwa saa mbili. Hajasema neno. Amechora.

Jumamosi, 19 Aprili

Bi Mkubwa amekula nusu sahani. Kisha amelala mchana kutwa. Daktari alituonya: kupona si ngazi ya kupanda tu. Naogopa siku mbaya, na siku nzuri naziogopa zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeurudisha ukurasa uliokatwa. Orodha ya kusubiri, kliniki kwa kliniki, pamoja na hesabu ya wiki. Na chini yake nimeandika aya moja: kwamba tarehe 10 Aprili mtoto wa mtumishi wa wizara alihudumiwa baada ya siku tatu kwa simu ya ofisi iliyopigwa Jumatano, na mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesubiri tangu Novemba akarudishwa, akapotea siku mbili. Kwamba wote wawili walihitaji huduma, na palikuwa na nafasi moja. Kwamba muuguzi aliyefunzwa katika kila kituo cha afya, na daktari anayezunguka, vitawafikia watoto wengi na mapema kuliko jengo.

Kabla ya kuichapa nilimwomba Bi Mkubwa ruhusa. Nilimsomea. Alisikiliza amekumbatia magoti.

"Usiweke jina."

"Siweki."

"Na hapo umeandika 'mgonjwa.' Toa. Andika 'mtoto.'" Akafikiri. "Na yule msichana mwingine, mama yake umemuuliza?"

Nilikuwa nimemuuliza. Alisema, "Andika. Andika na kamba ya darajani."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeipeleka. Usingizi sikuupata. Nimevaa shati jeupe kama mtu anayekwenda kumwaga unga wake kwa heshima. Mkurugenzi alisoma aya ile mara tatu; nilihesabu, macho yake yalirudi juu mara tatu.

"Hii inanitaja mimi."

"Ndiyo, mama."

"Unajua inaweza kutufikisha wapi?"

"Najua. Naogopa, mama."

Alizungusha kalamu nyekundu. Mvua nje, ndoo ya chumba cha pili inalia to, to, to. Kisha akainama akaandika kitu kidogo pembeni, akanisukumia.

"Umeandika simu ilipigwa Jumatano. Niliipiga Jumanne. Kama tunasema kweli, tuiseme yote."  "Na usiandike 'simu ya ofisi.' Simu haijipigi. Andika 'mkurugenzi.'"

Nikachukua karatasi. Akasema, bila kunitazama, "Hata mimi naogopa, Mtakwimu. Funga mlango ukitoka."

Alhamisi, 8 Mei

Kamati. Ukumbi wenye viyoyozi, meza yenye umbo la kiatu cha farasi, wajumbe kumi na wanne. Mkurugenzi aliwasilisha mwenyewe. Alipofika kwenye aya ile alisoma neno kwa neno, hakuruka.  Mwenyekiti aliuliza kama mkurugenzi anaelewa kwamba amejishtaki. Akajibu anaelewa. Mjumbe mmoja akagonga meza akidai jengo, picha zimeshaonyeshwa wananchi. Mama mmoja mzee mwisho wa meza, ambaye hakuwa amesema kitu asubuhi yote, akainua mkono, akaniuliza mimi:

"Mtoto akiandikwa leo hii, atamwona daktari lini?"

Nilisimama.  "Katikati ya Agosti, mheshimiwa."

"Na akishindwa kufika Agosti?"

 

Walitutoa nje kwa saa mbili na nusu. Walipoturudisha: jengo limeahirishwa. Wauguzi watafunzwa, lakini si kila kituo. Wilaya sita kwanza, kuanzia Julai. Kliniki ya hospitali kuu itakuwa na siku tatu za daktari badala ya moja, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, kuanzia wiki ijayo. Orodha za kusubiri zitachapishwa kila robo mwaka. Mkurugenzi ameandikiwa barua ya onyo, nami nakala. Wilaya sita kati ya thelathini na moja. Kwenye ngazi nilianza kusema ni chache. Mkurugenzi alikuwa anahangaika kufungua mwavuli.

"Chache," akakubali. "Jumatatu tuanze ya saba." Akacheka. Ana mwanya.

Ijumaa, 16 Mei

Mbaya. Bi Mkubwa hajatoka chumbani. Asubuhi alimwambia mama yake mwenyewe, bila kuulizwa: "Leo ni sana." Mke wangu akampigia Sista, Sista akasema tumlete. Tumekwenda mchana huohuo, kwa mlango wa mbele, tukakaa benchini na wenzetu mpaka daktari alipomaliza. Dereva wa lori alikuwepo na mwanawe. Alinisogezea nafasi.

Jumatano, 21 Mei

Sista ananiambia binti wa muuza mkaa jana alisema neno. Alikuwa anachora, penseli ikavunjika, akasema, "Nyingine." Mama yake alitoka nje ya chumba akapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Kwangu hajatuma salamu, wala sikutegemea.

Jumatatu, 26 Mei

Siku ya tano bila mvua. Barabara imekauka, imebaki na nyufa.

Leo Bi Mkubwa amesema atakwenda shule peke yake. Tangu Aprili tunampeleka na kumpokea. Daktari alisema siku akiomba, tumwache, tukubaliane muda wa kupiga simu. Mke wangu alimtengeneza kola, akaitengeneza tena, mpaka mtoto akamwondoa mikono. Nikasema nitamsindikiza mpaka kona tu.

Pale kona akageuka.

"Baba, rudi ubadili shati. Hilo lina doa la wino."

"Nitachelewa."

"Utachelewa ukiwa safi."

Akaenda. Hakwenda haraka wala polepole. Mkoba unampiga mgongoni. Nilisimama mpaka alipopita duka la vitabu, mpaka alipochanganyika na wenzake wenye sare kama yake, nikawa siwezi tena kumtofautisha. Kila kitu mwilini kiliniambia nikimbie nimfuate. Saa nne na nusu, mapumziko, atapiga kutoka ofisi ya walimu. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini.

Nikarudi nyumbani, nikabadili shati, nikaenda kazini nikiogopa.